Wazima Hutajwa Kwanza

Manyoni ya wakati wa Waingereza ilikuwa na salamu nyingi kuliko maji. Ukitoka kisimani na ndoo kichwani unavuka makabila matatu manne kabla hujafika mlangoni kwako, na kila kabila linadai salamu yake. Jirani yangu, mama wa Kigogo aliyetoka Kintinku, alinipigia "Mbukwa" yake kwa sauti ya kuamsha mtu ng'ambo ya reli, na nisipomjibu kwa nguvu ileile aliniuliza kama nimeugua. Vibarua wa Kinyamwezi walikuwa na "mwangaluka" yao, wanaivuta taratibu utadhani reli itawasubiri. Mhindi wa dukani alikuwa na "jambo" moja tu aliyomgawia kila mtu, mtoto na mzee. Na Bwana Shauri, yule Mwingereza aliyetawala wilaya nzima, alikuwa na "jambo" hiyohiyo ila yake haikungoja jibu. Wewe bado unameza mate upate kumjibu, yeye ameshaingia kwenye gari lake. Tukaambiwa huo ndio ustaarabu, tukakubali, tungefanyaje.

Mimi ni mtu wa Kinampanda, kule Iramba. Kwetu salamu haikuwa neno, ilikuwa shughuli. Mgeni akifika haulizwi kitu akiwa wima. Anakaa, anapewa maji, anavuta pumzi, ndipo mnaanza. Watu wa ndani? Wazima. Watoto? Wazima. Ng'ombe? Wazima. Mbuzi, mtama, mvua, majirani wa upande wa mtoni, majirani wa upande wa mlimani, wote wanaulizwa, na jibu ni hilohilo. Hata kama nyumba iliungua jana, wazima. Mnawamaliza wote waliosimama kwa miguu yao, halafu mwenyeji anauliza, "Ni hayo tu?" Hapo sasa ndipo mgeni anatoa lililomleta. Kama kuna mgonjwa, anatajwa hapo. Kama kuna marehemu, anatajwa hapo. Kumtaja mgonjwa kabla wazima hawajaisha ilikuwa sawa na kumweka kaburini kwa mkono wako mwenyewe, na kulitoa neno hilo bila kuulizwa ulikuwa ukorofi usiosemeka. Wazima hutajwa kwanza. Mtoto wa kwetu alilijua hilo kabla hajajua kupenga kamasi.

Mume wangu naye alizaliwa hukohuko, kilima kimoja tu kutoka kwa baba yangu. Ungemsikia usingeamini. Kabla hajanioa alikuwa amekaa Tanga, bandarini, muda wa kutosha kujifunza kufunga kikoi lakini si wa kutosha kujifunza kuogelea. Aliporudi bara akapata kazi ya kupima mizigo pale stesheni ya Manyoni, na tangu siku niliyoingia nyumbani kwake aliamua kunitoa ushamba. Alianza na mdomo wangu. Asubuhi ni sabalkheri, jioni ni masalkheri. Mkubwa ni shikamoo, tena uitamke yote, usiimeze. Ukiingia kwa watu ukawakuta wamekaa unawaambia "starehe" wasiinuke. Mkiagana usiku unasema "alamsiki", unajibiwa "binuru". Yeye mwenyewe alikuwa akisema alamsiki hata asubuhi, kwa kuwa lilikuwa neno zuri na aliona hasara kulingojea jua lizame. Kila mwanamume alikuwa "yakhe". Kila alichoahidi alikitilia wallahi, yeye, Mkristo wa misheni, mwimba kwaya, na mchungaji aliyembatiza angali hai.

Kinyiramba ndiyo usiseme. Hicho kilikuwa cha ndani, mlango umefungwa, tena kwa kunong'ona, utadhani tunapika gongo. Na salamu ya kwetu aliikataa kabisa. Alisema salamu ndefu ni ya watu wasio na saa. Yeye saa alikuwa nayo mkononi. Haikuwa ikitembea, lakini alikuwa nayo.

Mwanzoni nilibishana naye, maana sikuzaliwa bubu. Nilimwendea mke wa mmoja wa rafiki zake, mwanamke wa Pangani, mweupe wa moyo kabisa, nikamsalimia kikwetu kwa Kiswahili changu cha bara. Watu wa ndani akajibu. Watoto akajibu, akaanza kunitazama. Tulipofika kwenye mbuzi akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nanunua au nauza. Mume wangu alisimuliwa kisa hicho barazani, akarudi nyumbani amenuna, akaninunia mpaka Jumapili. Basi nikajifunza hujambo sijambo, kila mtu ashike lake. Lugha nyepesi kweli. Unaweza kukaa na mtu mwaka mzima na usijue kama ana mama.

Hao rafiki zake wa barazani walikuwa watatu, wote watu wa pwani, wote wameletwa bara na reli na wote wanailaumu reli kwa hilo. Jioni walikusanyika mbele ya nyumba yetu, kahawa, bao, na kuisema vibaya hali ya hewa ya Manyoni. Mbele yake walimwita yakhe. Akigeuka mgongo walimwita Mnyiramba wa kupakwa rangi. Nililisikia kwa masikio yangu nikiwa nafua uani. Sikumwambia. Alikuwa na furaha yake, na furaha ilikuwa haba mjini pale.

Basi asubuhi moja, mwishoni mwa kiangazi, akashuka mgeni kwenye lori lililotoka Singida. Alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mdogo wake marehemu baba yake, ndiye aliyemlea tangu alipofiwa. Mzee huyo hakuwahi kupanda lori maishani mwake. Alichukia hata mlio wake. Nilipomwona amesimama pale nje, vumbi mpaka kwenye kope, moyo ulinipasuka. Watu wa umri ule hawapandi lori kwa ajili ya kuja kunywa chai.

Mume wangu alikuwa mlangoni, kofia ya kazi kichwani, garimoshi linangojwa stesheni. Alimpa mzee shikamoo yake, nzuri, yote, hakuimeza. Mzee akaitikia marahaba. Akamuuliza habari za nyumbani, mzee akasema wazima, kama inavyotakiwa, akatazama pa kukaa ili waanze. Mume wangu akasema kama ni wazima basi kila kitu salama, karibu ndani baba upumzike, tutaonana jioni, alamsiki. Jua lilikuwa halijapanda hata juu ya paa. Akaenda zake anapiga mluzi. Mzee alibaki amesimama palepale, neno lake liko mdomoni.

Mtasema, si ungemuuliza wewe? Hebu nisikilizeni. Yule alikuwa mkwe wangu. Mke wa mtoto hakai na mkwe wake, hamtazami usoni, hata maji anampa kwa kupiga magoti na kugeukia pembeni. Habari ya nyumba yao anapewa mtoto wa nyumba yao, hapewi mke aliyeolewa juzi. Mimi kumwambia mzee yule "ni hayo tu?" ingekuwa afadhali nivue nguo mbele yake. Naye angenijibu, tungekuwa tumekwisha wote wawili.

Lakini macho nilikuwa nayo. Mzigo wake, kitambaa kilichopigwa fundo, hakuufungua. Nilimchinjia kuku, nikampelekea na ugali. Ugali aliula, kuku akamwacha. Kwetu mgeni mwenye neno zito hali nyama mpaka alitue. Nilipotoa vyombo nikamkuta yule kuku hajaguswa hata bawa, nikakaa jikoni na sahani mapajani. Baba mkwe alikwisha kufa zamani. Mume wangu hakuwa na kaka wala dada. Kule nyumbani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kumpandisha mzee huyu kwenye lori, na huyo alikuwa mama mkwe wangu. Nilimpenda yule mama. Mnisamehe kwa kusema hivyo, najua wake wengi hawasemi.

Jioni nilimwahi mume wangu nje, nikamnong'oneza kwamba baba ana neno, akae naye chini amsalimie vizuri. Akanijibu kwamba amekwisha kumsalimia asubuhi, au sikusikia? Nyuma yake wale watatu walikuwa wanafika na bao lao. Wakampokea mzee kwa zamu, shikamoo mzee, shikamoo mzee, shikamoo mzee, adabu tele. Mmoja akamuuliza habari za bara, kana kwamba Manyoni iko ufukweni. Mzee akajibu wazima. Akasogeza kigoda, akakaa vizuri, akaanza kuwauliza habari za watu wao wa ndani, na watoto wao, na mifugo yao. Masikini, alidhani ameanza. Alidhani kwamba akiwapitia hao atafika kwa mwanawe.

Wakacheka. Si kwa ubaya, nasema kweli. Mmoja alisema wazee wa bara wana adabu kupita kiasi, wanauliza mpaka kuku. Mume wangu akacheka kuliko wote, akasema huyu ndiye aliyenilea, yakhe, mwaona nilikotoka? Mzee alitazama chini. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria ya maharage inayochemka, na nawaambieni ilikuwa bahati ya mume wangu kwamba maharage yenyewe yalikuwa ndiyo chakula cha kesho.

Tulipolala nilitaka kumtolea uvivu, nimwambie wazi, mama yako anaumwa. Sikuweza. Sikuwa nimeambiwa, nilikuwa nimekisia, na hata kama ningekuwa na hakika, mimi nami nililelewa vilevile alivyolelewa mzee. Ulimi wangu ulikataa kumtaja yule mama kabla ya wakati wake. Nikabaki macho nikimsikiliza msomi wangu wa Tanga akikoroma. Kukoroma hakukubadilika, alikoroma kikwetu.

Asubuhi yake aliondoka mapema. Nilipotoka uani nilimkuta mzee ameshakaa, mzigo magotini, anaitazama barabara. Akanisemesha bila kunigeukia, kama inavyostahili.

"Mama, lori la kurudi ni mchana huu. Yule wa nyumbani ananitazamia. Nikifika peke yangu nitamwambia nini?"

Hakutaja jina. Nikapiga moyo konde. Nikamfunga mtoto wetu mchanga mgongoni, nikamwomba baba anifuate, naye akanifuata kwa mbali, mkwe na mkwe, mpaka stesheni.

Garimoshi lilikuwa limesimama. Watu wa kwenda Itigi wamejaa na vikapu vyao, wauza karanga wanakimbia dirisha hadi dirisha, na mume wangu yuko kwenye mizani yake, mgongo umenyooka, anawaambia watu "hewala" kwa kila gunia. Wawili kati ya wale wa barazani walikuwa pembeni wanavuta sigara. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake nikapiga magoti. Palepale, kwenye changarawe, na changarawe za reli si mchezo. Nikaanza kumsalimia Kinyiramba, kwa sauti, tangu mwanzo.

Akaniambia kwa Kiswahili niinuke. Nikamuuliza habari za watu wa ndani. Watu wa ndani nilikuwa mimi na mtoto niliyembeba, lakini salamu haijali mambo hayo. Akasema ninamwaibisha. Nikamuuliza tena habari za watu wa ndani. Vichwa vikaanza kutoka madirishani. Jirani yangu wa Kigogo, aliyekuwa akiuza mayai pale, akatua kapu lake, akashika kiuno, akatangaza kwa watu wote kwamba kwao mwanamume asiyemwitikia mke aliyepiga magoti huwa kuna mahali alikolala jana. Abiria walilipenda sana neno hilo. Mmoja akamsihi bwana ajibu, garimoshi lisije likaondoka wakakosa mwisho.

Akajibu. Wazima, kwa meno yaliyobana, ili aniondoe pale. Lakini salamu ya kwetu ina tabia yake, ukishaitikia la kwanza umeingia, hutoki katikati. Watoto? Wazima. Ng'ombe? Wazima. Hana hata ndama Manyoni, lakini akajibu. Kwenye mbuzi aliacha kunitolea macho. Kwenye mtama sauti yake ikashuka, ikapunguza mwendo, ikawa sauti ya mtu wa kilima cha pili kutoka kwa baba yangu. Akaanza kunirudishia, akaniuliza mvua imefika wapi, majirani wa mtoni wameamkaje. Nadhani hapo ndipo alipomwona baba yake mdogo nyuma yangu, ameshika mzigo ambao haujafunguliwa tangu jana. Rafiki zake walikuwa bado wanacheka. Yeye hakuwasikia tena.

Tulipowamaliza wazima wote alimgeukia mzee. Halafu akauliza, na hakuniuliza mimi, "Ni hayo tu?"

"Si hayo tu," mzee akasema. "Mama yako anaomba uende akuone. Hataifikia mvua."

Mume wangu akavua kofia akaiweka juu ya mizani, kwenye gunia la mtu. Nilikuwa nimejiandaa kuona raha. Nilikuwa nimemwekea hasira tangu asubuhi ya jana, nimeichochea na kuichochea, na nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini ule uso, jamani. Nikainuka, nikamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo si la kwetu wala la pwani.

Mkuu wake wa kazi alimpa ruhusa, baada ya kumkumbusha kwamba mama za Waafrika wana desturi ya kuugua mizigo inapokuwa mingi. Mchana uleule tulikuwa juu ya lori, tumekalia magunia, mimi, yeye, mtoto na mzee. Njia nzima hakusema yakhe hata mara moja. Baada ya Singida walipanda Wanyaturu, wakamsalimia kwa salamu yao, ambayo sisi tunaipata nusu nusu, naye akawaitikia mmoja mmoja, akawauliza mpaka ndama wao. Wakamwona kijana mwenye malezi mazuri. Mzee alifungua mzigo wake hapo, akatoa kipande cha nyama kavu, akala.

Tulifika Kinampanda alasiri ya siku ya pili. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, wakatupisha. Mama alikuwa amelala kitandani kwake, amekuwa mdogo mno, mdogo kuliko shuka alilofunikwa, lakini macho yake yalikuwa yaleyale. Alimjua mwanawe. Akatabasamu.

Mume wangu alikaa chini. Akapewa maji, akanywa yote. Kisha akamshika mama mkono, akaanza. Watu wa ndani? Mama akajibu mwenyewe, wazima, kwa sauti ambayo sisi wa karibu tu ndio tulioisikia. Watoto? Wazima. Ng'ombe? Midomo yake ikacheza tu, hapakutoka kitu, basi nikajibu mimi kwa niaba yake, na hakuna aliyenikataza. Mbuzi nikajibu. Mtama nikajibu. Tulikuwa tumefika kwenye mvua wakati baba mdogo alipoinama, akamgusa mama shingoni, akamfumba macho taratibu.

Mume wangu aliona. Mkono wa mama ulikuwa ndani ya mkono wake, haiwezekani kwamba hakujua. Akaniuliza majirani wa mtoni wameamkaje. Nikamjibu wazima. Majirani wa mlimani? Wazima. Wakaisha wale wanaoulizwa siku zote, akatafuta wengine, kipofu wa njia panda, mpishi wa misheni, wajomba wa Mkalama ambao hatukuwaona tangu harusi yetu, mpaka punda wa mwalimu. Nilikuwa nalia, machozi yananiingia mdomoni, lakini kila aliyemtaja nilimjibu kwamba ni mzima, maana nilimwelewa. Wazima wakiisha, anayefuata ni mama. Alipokosa wa kumtaja akawatazama wale wanawake waliojaa mle ndani, uso baada ya uso, akitafuta mtu mwingine wa kuuliza habari zake.